Kiti Kisichokabidhiwa

Kilichomchefua Pilipili asubuhi ile kilikuwa pumzi. Tangazo la sabuni, alilolirekodi mwenyewe jana yake kwa sauti ya madaha, lilianza kwa mtu kuvuta hewa. Hewa ndefu, nzito, ya mtu aliyekaa miaka bila kusema. Ndipo sauti yake ikafuata: "Povu la uhakika, mama!"

Sasa sikiliza. Pilipili hapumulii maiki. Anageuza shingo, anavuta hewa pembeni, anarudi. Alifundishwa na mama yake kabla hajaota meno ya pili, na mama yake hakuwa mtu wa kubahatisha.

"Waya! Nani kapumulia tangazo langu?"

Fundi mitambo, mwembamba kama jina alilopewa, alichungulia mlangoni. "Nimeshaikata hiyo pumzi, dada. Nikihifadhi tu, inarudi."

"Kwa hiyo kompyuta yako ina pumu?"

Waya hakucheka. Na huyu Waya ni mtu wa kucheka hata msibani, akaambiwa atoke nje, akaendelea kuchekea nje.

Nikupe habari za redio hii, maana kuna watu wataisimulia kwa heshima isiyostahili. Mwenye kituo walimwita Antena, kwa urefu na kwa kutembea kidevu juu kama anatafuta mawimbi. Alianza na salamu. Kutwa nzima watu wakisalimiana, wakitafuta ndugu waliopotea, na aliyewasomea ni mama yake Pilipili, Mama Salamu. Watu walizima majiko wamsikilize. Kisha Antena akaona salamu hazilipi, akageuza redio yote kuwa ya mpira. Mama Salamu alikatwa katikati ya sentensi, anamtafutia mama mmoja mwanawe, ukaingia wimbo. Alirudi nyumbani akafungua mdomo kumsalimu binti yake. Hakikutoka kitu. Miaka ikapita hivyo hivyo.

Mtangazaji wa mpira, Kipenga, naye akakatwa mpira ukielekea golini, ili redio iwe ya ushauri wa mapenzi. Kipenga sasa anauza maji ya chupa kituo cha mabasi, anaita wateja kwa makofi. Akaja Daktari wa Mahaba, akasuluhisha ndoa za watu, akakatwa anasuluhisha, redio ikawa ya muziki na utani. Daktari huyo siku hizi anagombana na mke wake kwa kuandika kwenye simu. Watu walisema ni koo. Vumbi la studio. Kiyoyozi. Na Antena alikwenda kuwapa pole kila mmoja, akakaa kwenye viti vyao, akatikisa kichwa. Mshenzi!

Utani ulikuwa wa Pilipili. Miaka minne anakalia kiti kile kile cha mamaye, akiwachamba madereva, wapangaji na wakwe, na mji mzima ukimpenda kwa hilo. Alikitafuta kiti hicho kusudi. Nyumbani kulikuwa kimya mno. Alitaka mama asikie mtu wake redioni.

Baada ya ile pumzi yakaja mengine. Studio ilianza kunuka waya ulioungua uliomwagiwa maji ya mtungini. Sponji za ukutani, zile nyeusi zenye vinundu za kumeza mwangwi, zikawa na uvuguvugu. Pilipili aliegemea siku moja akahisi mgongo umelowa, akageuka, akaona vinundu vimelainika na kung'aa kama kaakaa la mdomo wa ng'ombe. Alifuta bega lake, akasonya, akaendelea na kipindi. Ndivyo alivyo. Akiogopa anatukana.

Alhamisi mchana, akiwa chumba cha pili anakata matangazo, hedifoni masikioni, alisikia mlango wa studio kubwa ukifunguliwa. Muziki ulikuwa unakwenda hewani, hakuna mtu ndani. Kupitia kioo alimwona Antena akiingia, akikwepa kiti kama mtu anavyokwepa mbwa aliyelala, kisha akaweka kiwiko juu ya meza ya mitambo. Kiwiko kikasukuma juu kitufe cha maiki ya kuongea na chumba cha pili, ile isiyofika hewani. Mwenye redio huyu hakuwahi kujifunza meza yake, hata kuisogelea hakupenda, kwa hiyo hakujua kwamba kila neno lake lilikuwa linaingia moja kwa moja masikioni mwa Pilipili.

"Kesho saa sita," Antena alinong'ona. "Atakuwa katikati ya maneno. Nitamwashiria Waya amkate. Baada ya hapo ni kompyuta tu, usiku na mchana."

Kikajibu kitu. Na kilijibu kwa sauti ya Mama Salamu.

"Na akikabidhi?"

Pilipili alishika meza kwa mikono miwili, kwa sababu sauti ile hakuwa ameisikia tangu akiwa binti wa kusuka nywele mbili, ilikuwa ile ile iliyomwamsha kwenda shule na kumwimbia akiwa na homa, laini, yenye kicheko kidogo mwishoni, na sasa ilikuwa inatoka chini ya kiti kitupu, ikimwuliza mwanamume yule namna ya kummaliza mwanawe, na kabla ya kila neno ilivuta ile hewa ndefu, nzito, kana kwamba mwenye kuitumia alikuwa bado hajazoea kuwa na mapafu.

"Amkabidhi nani?" Antena alicheka kwa woga. "Wa mchana nimempa likizo. Kompyuta haina mdomo."

"Wewe unao," kilisema, safari hii kwa sauti ya Kipenga.

"Mimi sijapokea kitu humu ndani tangu siku ya kwanza. Wewe unajua."

Kilicheka kwa koo la Daktari wa Mahaba.

Ungekuwa wewe ungekimbia. Usinibishie. Pilipili naye miguu ilishajigeuza kuelekea mlangoni. Lakini hasira ilimpanda kutoka tumboni mpaka kwenye nywele, akamfuata Waya stoo, akamshika ukosi.

"Unajua nini?"

"Dada, niache. Ukuta unasikia."

"Nitakuvunja huo ukosi na shingo yake. Mama yangu yumo mle ndani!"

Waya alifunga mlango, akasema kwa sauti ya chini kabisa. Redio ilipofunguliwa, haikusikika hata nyumba ya tatu. Antena akaenda anakojua yeye, akarudi na chupa iliyofungwa kitambaa, akaizika chini ya kile kiti. Siku hiyo hiyo wakasikika miji mitatu. "Lakini kiti ni cha hicho kilichomo chupani, dada. Anayeondoka bila kukabidhi, sauti yake inabaki kwenye kiti. Ndiyo maana kila redio ikibadilika, lazima mtu akatwe. Kinalishwa."

Hapo Pilipili akaelewa desturi ambayo watu wote pale waliidhania adabu ya kazi. Anayemaliza zamu husema hewani, "Nakukabidhi." Anayeingia hujibu, "Nimepokea." Ndipo wa kwanza avue hedifoni. Mama yake hakuruka maneno hayo hata siku moja. Na Antena? Ukimletea chai, "weka hapo." Ukimpa funguo, "weka hapo." Siku ya harusi ya bintiye walimpa zawadi, akasema weka hapo, watu wakaona ni maringo.

"Nikikimbia sasa hivi?"

"Utakuwa umeondoka bila kukabidhi."

"Nami nitabaki kupiga makofi kituo cha mabasi."

"Dada..."

"Kesho akikwambia ukate, mikono yako itakuwa wapi?"

Waya aliitazama mikono yake. "Mfukoni," alisema.

Ijumaa Antena alivaa suti. Wakuu wa kampuni ya sabuni walikuja kushuhudia redio mpya isiyo na mtangazaji. Walisimama nyuma ya kioo na glasi za juisi, bibi mkubwa wao mbele, na kamera yao. Pilipili alikaa kitini. Kiti kilikuwa cha moto. Chini yake kitu kilijikunja kama paka anayetafuta mkao, na sponji zote nne za ukutani zilikuwa zinapanda na kushuka, taratibu, pamoja.

Saa sita ilikuwa bado. Hakuingojea.

"Wapenzi wasikilizaji," alisema, na sauti yake haikuwa na utani. "Kabla sijaondoka nina viporo. Mama Salamu, ulikaa hapa, ukakatwa, hukupata wa kumkabidhi. Mimi mwanao nipo. Nimepokea."

Taa za mitambo zikayumba. Hedifoni zikajaa ile pumzi.

"Nyamaza," kilimwambia kwa sauti ya mama yake. "Mwanangu, utaniumiza."

"Usiniite mwanangu, wewe mwizi!" alifoka, na mji mzima ukasikia. "Kipenga, nimepokea. Daktari wa Mahaba, nimepokea! Vyote viko kwangu. Na sasa ninaviweka mkononi mwa mwenyewe. Bosi, Mwenye Kituo, uliyesimama hapo kwenye kioo na juisi yako. Nakukabidhi."

Kisha akanyamaza.

Huwezi kujua ukimya ni nini mpaka ukae redioni. Antena alimwashiria Waya akate. Waya alikuwa anatazama dari, mikono mfukoni. Akamwashiria tena kwa ngumi. Mikono ikazama zaidi. Ukimya ukaendelea kwenda hewani, madukani, kwenye magari, majikoni, na ndani ya ukimya huo watu wote waliokuwa na redio mji ule walisikia kitu kikipumua karibu kabisa na sikio, kikingoja jibu kama wao.

"Bwana, mbona hujibu?" bibi wa sabuni aliuliza. "Tangazo letu liko wapi? Au tunanunua kimya?"

Antena aliingia studio mbio, wageni na kamera nyuma yake. Alinyoosha mkono juu ya meza ya mitambo atafute kitufe cha kukata. Vitufe viko vingi. Hakukijua.

"Haya, Pilipili, tumecheka," alinong'ona, jasho likimdondoka puani. "Toka."

"Nitoke vipi? Hujanipokea."

"Weka hapo."

"Hapo wapi, Bosi? Redio nzima inakusikia."

Wageni walicheka wakidhani ni sehemu ya sherehe. Mmoja akaanza kupiga makofi, wote wakafuata. Pokea! Pokea! Bibi wa sabuni alitazama saa yake, akafunga mkoba. Antena aliuona mkoba ule ukifungwa. Aliinama kwenye maiki, akalitema neno haraka kama mtu aliyemeza nzi.

"Nimepokea."

Pilipili alivua hedifoni. Alimvisha mwenyewe, kwa upole wa kumvisha mtoto kofia, akainuka. Antena alikaa. Hakutaka kukaa, kila mtu aliona hakutaka. Magoti yalimkunjika kana kwamba kuna aliyeyavuta kwa chini.

Nyumbani Pilipili alimkuta mama yake jikoni, kasimama, mkono kooni. Sufuria ilikuwa inachemka na kumwagikia moto.

"Mama?"

"Umekonda," alisema Mama Salamu. Sauti ilikuwa na kutu. "Unakula kweli huko kazini?"

Wakashikana pale pale mpaka sufuria ikaungua. Baadaye jirani aligonga kuwaambia wafungue redio, kuna kituko.

Ilikuwa sauti ya Antena. Wageni walikuwa wameshaondoka, Waya naye alikuwa ameshaondoka, na redio ile, iliyopitia salamu na mpira na mapenzi na utani, ilikuwa na kipindi kimoja tu sasa: mtu mmoja akiongea bila kuvuta hewa, maana alikuwa amejua kwamba akitulia, pumzi nyingine inavutwa kwa niaba yake. Alisoma matangazo. Alihesabu vinundu vya ukutani. Alimwita Waya, mke wake, mlinzi. Hakuna aliyeitika, kwa sababu waliokuwa wakiitikia kitini pale aliwaachisha kazi mwenyewe.

"Mama Salamu," ilisema redio ghafla, ikilia. "Najua unanisikia. Wewe una huruma, mji mzima unajua. Sema neno moja tu, hata hapo ulipo. Nakukabidhi. Mama, nakuomba, nakukabidhi!"

Mama aliisogelea redio. Akainama, akafungua mdomo. Pilipili alitaka kumvuta nguo, mkono ukamganda hewani. Huyu mama alikuwa amewatafutia watu ndugu zao maisha yake yote, hakuwahi kumnyima mtu jibu.

Mama Salamu aligeuza shingo, akavuta hewa pembeni, akarudi.

"Weka hapo," alisema.

Akazima redio, akachomoa na waya ukutani. Walikaa wakiitazama. Ikakaa kimya kidogo, taa yake imezimika.

Kisha, polepole, kama mtu aliyemaliza kula, ikapumua.