Fundi Aliyetaka Mashine

Fundi cherehani na binti yake waliishi chumba kimoja, wawili tu. Mama wa mtoto alifariki kabla hawajahamia mtaa ule. Majirani waliwasalimia, wakapita zao. Mtoto akilala, fundi alizungumza na cherehani yake. Cherehani, bahati mbaya, haijibu.

Binti alikuwa na pumu. Kifua kikimbana, fundi alimbeba mbio hadi hospitali. Chumba cha dharura kilikuwa na mashine moja tu ya mvuke wa dawa, na foleni. Watoto walisubiri wakihema. Wazazi walipiga soga kwenye benchi. Na fundi, Mungu amsamehe, aliipenda ile foleni.

Asubuhi moja kifua kilimbana tena. Safari hii muuguzi hakuwasha mashine. Alileta pampu ndogo ya dawa na kopo refu la plastiki lenye barakoa.

"Hii inaitwa spesa," alisema.

Fundi alikunja uso. "Sista, mtoto anahema hivi, mnampa kopo? Mimi nataka mashine."

"Dawa inafika kifuani vilevile, baba. Na hapa hasubiri mtu. Mpakate."

Muuguzi alitikisa pampu, akaichomeka kwenye spesa. Aliweka barakoa ikafunika pua na mdomo vizuri, akabonyeza mara moja. "Vuta pumzi taratibu, mama. Tena. Tena." Baada ya pumzi sita alitikisa pampu, akarudia kama daktari alivyoagiza. Kidogo kidogo kifua kikatulia.

"Mtaenda nayo nyumbani," muuguzi alisema.

Machozi yalimlenga fundi. "Kumbe mnatufukuza?"

"Jamani! Kwa nini?"

"Hapa kuna watu, sista. Nyumbani niko peke yangu. Nikikosea, namwita nani?"

Muuguzi alivuta kiti, akakaa. "Basi huondoki mpaka ujue. Shika hii pampu tupu, unionyeshe."

Fundi alibonyeza kabla ya kutikisa. Barakoa ikaenda shavuni. Binti akacheka. Alianza upya, na upya tena, mpaka mikono ikazoea.

"Ila akishindwa kuongea, midomo ikibadilika rangi, au dawa isipomsaidia, usikae nyumbani," muuguzi alisema. "Njoo mbio. Mlango wetu haufungwi."

Haikupita wiki nyingi, pumu ikarudi. Ilikuwa mchana, mvua inanyesha. Fundi alitazama mlangoni. Hakuna mtu. Aliogopa sana. Akampakata binti, akatikisa pampu, akaweka barakoa, akabonyeza.

"Vuta, mama. Taratibu."

Alirudia kama alivyofundishwa. Pumzi za mtoto zikatulia. Akaomba maji.

Fundi alitamani kumwambia mtu. Hakuwa na wa kumwambia.

"Tumeweza," alisema peke yake.

"Mimi ndiye niliyevuta, baba," binti alimjibu. "Wewe ulikuwa unalia tu."