Aliyeitika Mlimani

Haya yalimpata rafiki yangu Emrys, mchonga mawe mwenzangu huku Wales, mwaka wa nne wa Vita vya Pili vya Dunia. Usiku ule alipanda mlimani na shemeji yake, Gwilym, kumtazama kondoo aliyeshikwa na uchungu wa kuzaa. Ukungu ulikuwa mzito, hata taa haikuonyesha miguu yao. Mara ndege ya mabomu, iliyokuwa katika mazoezi, ikanguruma chini mno juu ya vichwa vyao. Kikafuata kishindo, ardhi ikatetemeka, kisha kimya.

Emrys akapaza sauti, "Kuna mtu aliye hai huko?"

"Nipo," ikajibu sauti. "Njooni upesi, nasikia baridi."

"Vumilia, mwanangu, tunakuja!"

Walitambaa juu ya mawe hadi alfajiri, wakiita na kuitikiwa. Sauti ilizidi kufifia, na Emrys akawa anapanda huku analia.

Walipofika waliwakuta wanahewa sita, wote wameungua na kupoa zamani. Beji zao zilikuwa za Poland.

"Hawa walikufa papo hapo," Gwilym alinong'ona. "Halafu, shemeji, yule alikuwa akiongea Kiwelshi. Kiwelshi chetu cha bondeni."

Emrys aligeuka kutazama bondeni. Sauti ilikuwa imeanza tena, safari hii kutoka chini, upande wa nyumba alikomwacha mkewe amelala peke yake.

"Basi usijisumbue, Emrys," ilisema. "Nimeshafunguliwa mlango."