Nguo za Msiba Zilizotangulia Kifo

— Ziwe nyeusi za kukaribia usiku, mwanangu. Nisione hata doa jeupe.

Sattuta aliliweka furushi juu ya jiwe la kukamulia nguo, akalifungua mwenyewe. Ndani mlikuwa na kanzu moja na shuka pana la pamba, vyote vyeupe, vimekunjwa muda mrefu hata mikunjo imeingia manjano. Wasila aliitoa mikono kwenye pipa la nili, buluu hadi viwikoni, akamtazama mwanamke ambaye baada ya sikukuu angekuwa mama mkwe wake.

— Nani amefariki, mama?

— Hajafariki mtu.

— Sasa nguo za msiba za nini?

— Wewe ni mtia rangi au karani wa serikali? Nazitaka Alhamisi, kabla ya alasiri. Na ziwe zimekauka.

Akajitanda, akatoka, akamwacha Wasila na zile nguo.

Kwetu, katika mji wa Farshut, mtu akiuawa, jamaa zake hawaweki matanga mpaka damu ijibiwe kwa damu. Hawapokei rambirambi, hawalii, hawavai nguo nyeusi za nili. Mume wa Sattuta aliuawa mwanawe Rashwan akiwa bado ananyonya, na tangu siku hiyo mama yule hakutoa chozi mbele ya watu. Alivaa kanzu zake za kijani na nyekundu kama mtu ambaye mumewe yuko safarini, na ole wake aliyethubutu kumwambia pole.

Muuaji alijulikana. Alikuwa Hamdan, mpima mizani wa soko la nafaka. Walizozana juu ya gunia la ngano, Hamdan akashika jiwe la mizani, akampiga nalo mwenzake kichwani. Serikali ikampeleka kifungoni Fazughli, kule Sudani, na wanaopelekwa huko sisi huwasomea Fatiha wakiwa bado hai. Lakini Hamdan alirudi. Alitokea wakati wa mavuno, ndevu hadi kifuani, mgongo umepinda, na wakubwa wa soko wakamrudishia mizani yake kwa sababu waliofuata baada yake wote walikuwa wezi.

Mji ukasubiri kisasi. Badala yake Rashwan, ambaye ndiye kinyozi wetu, alisimama mkahawani akatangaza kwamba kiti chake ni cha kila mtu. Alisema Mzee Hamdan aje Alhamisi alasiri anyolewe zile ndevu, aingie sikukuu na uso wa watu. Tulimsifu mpaka tukachoka. Imamu alimtaja msikitini. Hata mimi nilimsifu, na sijioni mjinga kuliko wengine.

Wasila alimsifu kuliko sisi wote, maana ndiye mchumba wake. Sasa alisimama na kanzu nyeupe mkononi, akaziunganisha zile siku. Alhamisi, kabla ya alasiri. Akakaa chini kwenye sakafu yenye maji.

Siku ileile alikwenda kwenye duka la kinyozi. Watu walikuwa na maneno yao juu ya msichana anayekwenda kusimama mlangoni kwa mchumba wake, lakini Wasila alirithi kazi ya baba yake, na mwenye kazi hakosi sababu ya kupita popote. Rashwan alikuwa peke yake, akinoa wembe. Mkono ule ulikuwa umetahiri watoto wa mji mzima na kung'oa meno ya wazazi wao, na haukuwahi kutetemeka.

— Mama yako ameleta nguo, alisema Wasila.

— Nguo gani?

— Unazijua.

Wembe ukasimama juu ya kinoo.

— Nilimwambia asubiri, alisema Rashwan taratibu. Nilimwambia, mama, nguo baadaye. Akasema siku hiyo wanawake wakija hawatamkuta na kanzu ya kijani kama mtu aliyetoka arusini.

— Basi ni kweli.

— Nenda nyumbani, Wasila.

— Umemwalika mwenyewe. Atakuinulia shingo kwa sababu amekuamini.

— Na baba yangu alikwenda kupimiwa ngano kwa sababu gani? Si alimwamini?

Rashwan akaendelea kwa sauti ya chini, kama anayemsimulia mtu mwingine.

— Kila sikukuu mama hunionyesha zile nguo. Hunikalisha, hufungua furushi, husema hizi zitatiwa rangi siku utakapokuwa mwanamume. Halafu ndipo hunipa mkate. Wewe ulikuwa ukionyeshwa nini sikukuu?

— Na arusi yetu je?

— Nitakuingiza vipi nyumbani, mama hajamlilia baba?

— Utanyongwa, Rashwan. Au wapwa wa Hamdan watakuwahi kabla ya askari. Halafu mimi nitatia rangi nguo zangu mwenyewe.

Hapo Rashwan akamtazama kwa mara ya kwanza, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Wasila aliona kwamba anaogopa, na kwamba hofu yake haitamzuia.

— Wapwa wake wana bunduki, alisema Rashwan. Ukimwambia Hamdan, utakuwa umeniua wewe.

Ndivyo alivyomfungia njia pande zote. Akinyamaza, mwanamume anayempenda anakuwa muuaji na kisha maiti. Akisema, mwanamume huyo anakuwa maiti tu. Alirudi kazini, akatia rangi nguo za watu wengine siku zile zote, na furushi la Sattuta akalificha chini ya magunia ya nili. Alikuwa na matumaini madogo ya kitoto, kwamba nguo zisipokuwa tayari, siku yenyewe haitafika.

Alhamisi adhuhuri Sattuta alikuja kuzichukua.

— Nisamehe, mama. Pipa limelala. Rangi haishiki. Tusubiri wiki ijayo.

Ni kweli mapipa ya nili hulala. Huchachushwa kwa tende, na yakipata baridi au mtu mwenye mikono michafu hugoma kabisa. Sattuta hakubishana. Alichovya kidole pipani, akakitoa kikiwa kijani, akakiinua kati yao. Wote wawili wakakitazama kikigeuka buluu hewani, polepole, kama nili nzuri inavyofanya.

— Mbona limeamka?

Wasila akainamisha kichwa.

— Sikiliza, mwanangu. Nimekuchagua mimi kwa ajili ya Rashwan, usidhani sikupendi. Lakini mwanamke akikosa nili hujipaka tope usoni, na tope liko mferejini, halina haja ya mtia rangi. Baki na nguo zangu.

Alipotoka, Wasila alilitoa furushi, akalikumbatia, akalia. Kisha akaliangalia. Shuka lile lilikuwa jeupe, pana, la kutosha mtu mzima kuanzia kichwani hadi miguuni. Alinawa uso, akalibeba furushi, akachukua kipande cha nili kama mtu anayekwenda kukipima, akaelekea sokoni.

Hamdan alikuwa kwenye mizani yake. Wapwa wake, vijana wenye misuli na maneno mengi, walikuwa wamekaa kivulini karibu naye wakinywa kahawa, bunduki zimeegemea ukuta. Wasila aliweka nili kwenye sahani ya mizani, furushi akaliweka pembeni.

— Ami Hamdan, alinong'ona bila kuinua uso, usiende kwa kinyozi.

Mzee aliongeza jiwe dogo upande wa pili, akangoja mizani itulie.

— Kwa nini?

— Mama Rashwan ameleta nguo za msiba.

Mtu wa Farshut haelezwi jambo hilo mara mbili. Hamdan aliondoa jiwe, akaweka jingine, mikono ikifanya kazi yenyewe.

— Wewe si ndiye mchumba wake?

— Ndiye mimi.

— Unajua nikiwaita wale pale, kijana haoni magharibi ya leo.

— Najua.

— Sasa umenijia kwa sababu gani?

— Kwa sababu nampenda. Ukifa leo nimempoteza. Ukiwaita wale nimempoteza. Imebaki njia moja, na hiyo iko mikononi mwako, ami, si mwangu.

Akalifungua furushi. Mzee aliona weupe wa shuka, na uso wake ukabadilika rangi. Ipo njia hiyo kwetu, ingawa wanaoipita ni wachache. Mtu mwenye deni la damu huvua viatu na kilemba, hubeba sanda yake mwenyewe mikononi, hupita sokoni mchana watu wakimwona, hujikabidhi kwa wenye damu. Wakitaka humsamehe. Wakitaka sanda hutumika.

— Si wote husamehewa, alisema Hamdan.

— Siwezi kukuahidi kitu, ami.

— Kule Fazughli niliapa nikirudi nitaibeba. Nilipofika nikaogopa. Kisha kijana akanialika mwenyewe, nikafurahi kama mpumbavu, nikasema nimeponea bure.

Alimrudishia Wasila nili yake. Kisha akainama, akaanza kuvua viatu.

Alasiri tulijaa mbele ya duka la Rashwan kumwona kijana mwema akimnyoa muuaji wa baba yake. Sattuta alisimama ng'ambo, mlangoni kwa mfua shaba, ameshika bakuli lililofunikwa kwa kitambaa. Tulidhani amemletea mwanawe chakula. Rashwan alikuwa ametandika taulo kwenye kiti na maji yalikuwa tayari.

Tulianza kuona watu wakipisha njia. Mfua shaba aliacha kugonga. Hamdan alikuja peku, kichwa wazi, shuka jeupe limelala juu ya mikono yake miwili. Alipita katikati yetu bila kumtazama mtu, akaingia dukani, akakaa kwenye kiti, shuka mapajani, akainua kidevu.

— Mimi Hamdan ndiye niliyemuua baba yako. Hii ni sanda yangu. Nimejileta mwenyewe.

Wapwa wake walikuwa wamemfuata mbio na bunduki zao. Aliwanyooshea kiganja bila kugeuka.

— Rudini nyuma. Damu yangu isidaiwe na mtu.

Rashwan aliweka wembe juu ya shingo ile. Aliuweka, akabaki hivyo. Jasho lilimtiririka hadi kwenye ndevu za mzee. Tulisikia inzi. Halafu nikaona, na wengi waliona, mkono wa kinyozi wetu unatetemeka.

— Mama, alisema Rashwan.

Sattuta alivuka barabara na bakuli lake. Hakumtazama mwanawe. Alitazama sanda, akapitisha kidole kwenye pindo alilolishona kwa mkono wake, kisha akainua macho, akamtafuta Wasila kati ya watu mpaka akampata.

— Hili ni shuka langu.

— Ndiyo, mama.

Sattuta alimgeukia mzee, akamkagua shingo iliyonyauka, miguu yenye alama za minyororo, macho yaliyofumbwa. Sidhani alikuwa amemtazama vizuri tangu arudi. Miaka yote aliyomchukia alikuwa akimchukia mwanamume mwenye kifua, aliyeinua jiwe la mizani kwa mkono mmoja.

— Nilikuwa namngoja yule, alisema. Mmeniletea huyu.

Akamgeukia mwanawe.

— Mnyoe ndevu, Rashwan. Ndevu tu.

Rashwan akamnyoa. Sijawahi kushuhudia unyoaji wa taratibu kama ule, na hakuna aliyeondoka. Hamdan alilia chini ya wembe na machozi yakachanganyika na sabuni. Ndevu zote zilianguka, na hapakuwa na tone la damu. Ndipo Sattuta alipofunua bakuli, akachota tope, akajipaka usoni, akaliita jina la mumewe kwa sauti iliyofika mashambani. Wanawake walimkimbilia kutoka kila mlango, wakimwambia pole walizomwekea tangu Rashwan yuko mgongoni.

Watu walipoanza kutawanyika, Rashwan alimkuta Wasila kando ya duka.

— Umenisaliti.

— Ndiyo. Na ningekusaliti tena.

Rashwan aliutazama mkono wake.

— Mkono ulianza kutetemeka kabla sijamwita mama. Uliona?

— Niliona.

— Usimwambie mama.

Wasila alimshika mkono ule hadharani, kwa vidole vyake vya buluu, na kwa mara ya kwanza hatukuwasengenya.

Kesho yake Sattuta alirudi kwa mtia rangi na lile shuka, ili litiwe rangi pamoja na kanzu. Wakalichovya pamoja, wakalitoa kijani, wakasimama wakalishika kila mmoja upande wake mpaka likawa buluu, likachovywa tena na tena likawa jeusi.

— Uliniibia, alisema Sattuta.

— Niliiba, mama.

— Sitaki neno la arusi nikiwa nimevaa hizi.

— Utazivua lini?

— Hilo ni langu na marehemu.

Basi wakangoja. Sikukuu ilipita, yakaja mavuno mengine, na kila Alhamisi Hamdan alikaa kwenye kiti kilekile akanyolewa, na kila Alhamisi sisi tulipunguza sauti mpaka anyanyuke. Wasila alikuwa akimwona Sattuta akipita na weusi ule alioutia mwenyewe, akauma midomo, akaendelea na kazi.

Mpaka asubuhi moja mama yule aliingia bila furushi, akashika pindo la kanzu yake ya msiba.

— Rangi hii inatoka?

— Haitoki, mama. Uliniambia isibaki hata doa jeupe.

Sattuta aliliangalia lile pindo kwa muda, akaliachia.

— Basi itabidi nishone nyingine, alisema. Siwezi kuja arusini kwenu na hii.