Mwizi wa Naftalini

Kila asubuhi, kabla ya chai, mama mkwe alifungua kabati lake akakagua naftalini. Naftalini ni vile vidonge vyeupe vyenye harufu kali, vinavyowekwa kwenye nguo ili nondo wasizitoboe. Mama mkwe aliviweka kila mahali: mifukoni mwa koti la marehemu mumewe, ndani ya viatu, hata katikati ya nguo za mjukuu wake mchanga. Ukimkumbatia, machozi yanakutoka, na si ya mapenzi.

Mke wa mwanawe alikuwa fundi cherehani, na nyumba nzima ilimwita Fundi.

"Fundi, njoo uone," mama mkwe alisema. "Nilinunua vidonge vikubwa kama gololi. Leo ni kama mbaazi. Nani anavikwangua?"

"Mama, mtu avikwangue avipeleke wapi?"

"Kwenye vitambaa vya wateja wako. Mwanangu hajui hata soksi zake zilipo. Mtoto hana meno. Amebaki nani?"

Fundi alimnyooshea viganja vitupu.

"Wanafamilia wakija mwisho wa mwezi, nitawaeleza," mama mkwe aliongeza.

Fundi aliiwazia siku hiyo. Akiitwa mwizi mbele ya ukoo mzima, jina hilo litamganda mpaka uzeeni. Na afadhali angesingiziwa dhahabu. Mwizi wa dawa ya nondo!

"Basi funga kabati, mama," alisema. "Ufunguo kaa nao wewe."

Mama mkwe alifunga, akauvaa ufunguo shingoni. Kisha akamwaga unga sakafuni mbele ya kabati, ili aone nyayo za mwizi. Nyayo zilionekana kweli, lakini zilikuwa zake mwenyewe. Hata hivyo, vidonge vilizidi kupungua.

"Sasa anapita ukutani," alisema, akimtazama Fundi kwa jicho la pembeni.

Jioni ile Fundi alikwenda kwa jirani yao, dada anayeuza dawa. Wakarudi pamoja.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekuja kumtetea?"

"Nimekuja kukukamatia mwizi." Muuza dawa alikaa jikoni, akaazima miwani ya mama mkwe na kuiweka mezani. "Kila kitu kimejengwa kwa vipande vidogo mno, macho hayavioni. Kipande cha naftalini kina pete mbili zilizoungana ubavu kwa ubavu, mfano wa miwani hii. Pete hizo ni za kaboni. Kaboni zimeshikana mikono kwa nguvu, na ukingoni kuna haidrojeni tu. Haukubaki mkono wa kumkamata jirani."

"Kwa hiyo majirani hawashikani?" aliuliza Fundi.

"Kidogo sana. Pete zenyewe ni bapa. Zimelaliana kama sahani kabatini. Hata joto la chumbani linatosha kuzibandua, jozi moja moja, zikaondoka hewani bila kuwa maji kwanza. Ile harufu unayoisikia, mama, ndiyo vidonge vyenyewe."

Mama mkwe alijishika pua. "Basi mwizi ni mimi."

"Wewe, sisi, na huyu mtoto. Sote tumevivuta."

Mama mkwe hakuwa mtu wa kukubali upesi. Alichukua kopo la sukari akalitikisa. "Na hii mbona haitoroki?"

"Sukari nayo ina pete. Ila pete zake zimeota vikono pembeni, vya oksijeni na haidrojeni. Vikono hivyo vinaishika sukari ya jirani isiondoke. Vikikutana na maji, vinayashika maji, ndiyo maana inapotelea kwenye chai. Naftalini ukiitia majini inazama tu, inakaa. Zote zina pete, lakini kilichoota kwenye pete ndicho kinachobadilisha tabia."

"Sukari ina malezi mazuri," alisema mama mkwe. "Lakini bado sijaamini."

Muuza dawa alitia kidonge kwenye chupa ya kioo, akakaza mfuniko. Akaiweka dirishani panapopigwa na jua mchana, na kitambaa chenye maji baridi juu ya mfuniko. Fundi alikuwa akikiloweka tena kila kilipokauka. Kesho yake jioni walifungua. Chini ya mfuniko palikuwa na vipande vyembamba vyeupe, vinameremeta.

"Zilipanda, zikakuta ubaridi, zikalaliana tena," alisema muuza dawa.

Mama mkwe alitazama mfuniko, akamtazama Fundi, akatazama chini.

"Sasa, nguo za mtoto zitoke humo," muuza dawa aliendelea. "Hewa hii huharibu damu ya baadhi ya watoto wachanga. Zifueni, mzianike. Koti litieni kwenye mfuko uliofungwa vizuri, na vidonge vichache. Kabla ya kulivaa, lipigwe upepo nje. Na vidonge vikae mbali, mtoto akianza kutambaa asidhani ni peremende."

Wakafanya hivyo. Mtoto akaanza kunukia sabuni, na mama mkwe akakumbatiwa bila watu kufumba macho.

Mwisho wa mwezi wanafamilia walijaa sebuleni. Mama mkwe alisimama. Fundi akasogea mlangoni.

"Simameni," mama mkwe aliamuru. "Nawafundisha pete. Watu sita, shikaneni mikono." Akamshika Fundi mkono wa kulia, akaingia naye kwenye pete.

"Mimi je?" aliuliza shemeji yake Fundi.

"Wewe ni haidrojeni. Kaa ukingoni, usisumbue."

Alieleza yote, kama vile yeye ndiye aliyeyagundua. Kisha akasema, "Kwa ujinga wangu nilimwita mke wa mwanangu mwizi. Hakuiba. Mmesikia wote?"

Walisikia. Pete ikaachana, watu wakakaa, chai ikaletwa.

Fundi hakuweza kuipokea. Mkono wake wa kulia ulikuwa bado umeshikwa na mama mkwe.