Nani Kanyoosha Mkono?

Filamu ilikuwa imekwisha. Lempi Hautala alikuwa ameizima projekta kwa mkono wake mwenyewe, taa za darasa zimeshawashwa, watoto wanasukumana mlangoni kwenda kucheza kwenye theluji, na bado ule mkia wa filamu, ncha inayobaki ikizunguka na gurudumu, ulikuwa ukisikika unapiga. Tap, tap, tap. Akachomoa waya ukutani. Akalishika gurudumu kwa viganja vyote viwili, likatulia tuli. Sauti ikaendelea.

"Mwalimu, si umeizima?" aliuliza Dale Rautio, mtoto ambaye ulimi wake haukujua likizo.

"Nimeizima. Nenda nje."

"Sasa kinachopiga ni nini?"

"Mabomba ya joto. Nenda nje, Dale, kabla sijakupa hesabu za kufanya!"

Dale akatoka mbio. Lempi akabaki ameshika gurudumu. Mabomba gani! Sauti ile aliijua. Aliisikia majira ya baridi yaliyopita, akirudi darasani ananuka sigara, na tangu siku hiyo haikuwahi kumtoka masikioni. Ila mpaka leo ilikuwa masikioni mwake peke yake. Leo mtoto wa watu naye kaisikia.

Tusimwonee lakini. Lempi alianza vizuri. Projekta ilipoletwa katika shule ile ya watoto wa wachimba chuma, hakuna aliyeitumia kama yeye. Alikuwa anaitazama filamu kwanza peke yake, anaandika maswali ubaoni, halafu katikati ya somo anaisimamisha, anashika fimbo, anagusa moyo ulioganda pale kwenye kitambaa cheupe. "Damu inatoka hapa inaenda wapi? Haya, nani?" Watoto wanagombania kujibu. Bwana Perko, mwalimu mkuu, alikuwa anawaleta wageni waje kuona.

Halafu uvivu ukaingia, taratibu, hata mwenyewe hakuuona. Filamu ikawa ya kila siku baada ya chakula cha mchana. Maswali yakakoma. Fimbo ikalala kabatini. Projekta ilikaa nyuma ya darasa, mlango wa nyuma uko palepale, na watoto wote wanatazama mbele gizani. Nani angejua kama mwalimu yupo au hayupo? Mashine inafundisha, mwalimu yuko chini kwenye chumba cha tanuri la kupasha shule joto, anavuta sigara zake na kupiga soga. Kabla ya kutoka alihakikisha sheria imeeleweka: mtu asiinuke, mtu asiguse taa mpaka yeye aseme. Mwenye shida anyooshe mkono, angoje aitwe.

Zorka Mihelich alikuwa na pumu. Alikaa dawati la nyuma kabisa, mbele ya projekta. Siku hiyo pumzi zilipombana alifanya kama alivyofundishwa: alinyoosha mkono. Kivuli cha mkono kikatokea kwenye kitambaa, kikubwa, juu ya picha. Mtoto mmoja akapiga kelele, "Nani kanyoosha mkono? Shusha, unatuziba!" Wenzake wakacheka. Baadaye mkono ukashuka. Filamu ikaisha, mkia ukaanza kupiga, kitambaa kikabaki cheupe, na watoto wakakaa kimya kwa adabu zao, kwa maana mwalimu si yuko nyuma yetu? Lempi aliporudi na kuwasha taa, Zorka alikuwa amelaza kichwa kwenye dawati na midomo imegeuka rangi.

Lempi akamwambia nini mama wa mtoto? Alimwambia, "Nilikuwa naye. Nilimshika mkono mpaka mwisho. Hakuogopa." Yakamtoka hivyo hivyo, na yakishatoka hayarudi. Slavka Mihelich, mjane aliyekuwa anaoka mikate mjini, alipiga magoti pale pale koridoni akaibusu mikono ya Lempi, wa kulia na wa kushoto. Na kila sikukuu tangu siku hiyo alimletea mkate wa kokwa za jozi na asali, umeviringishwa vizuri kwa kitambaa. Lempi alikuwa akiupokea kwa tabasamu, halafu anaufungia kabatini mpaka uote ukungu. Kuumeza hakuweza.

Baada ya siku ile Dale aliposikia mkia, ikaja harufu. Ilikuwa dawa ya kuchua kifua, ile ya mkaratusi, ambayo Slavka alimpaka mwanawe kila asubuhi. Lempi akivuta mapazia tu, harufu hiyo. Jumamosi kwenye bafu la mvuke alijisugua mpaka ngozi ikawaka, na katikati ya mvuke ikaja vilevile.

Halafu kikaja kivuli. Filamu ilihusu mito. Pembeni ya kitambaa, chini, vikachomoza vidole, halafu kiganja, halafu mkono mzima ukapanda polepole juu ya maji.

"Nani kanyoosha mkono?" Dale akafoka. "Shusha, unatuziba!"

Maneno yaleyale aliyosimuliwa na watoto wa siku ile. Lempi akatazama dawati la nyuma. Lilikuwa tupu, tangu mwaka mpya wa masomo hakuna aliyepangiwa kukaa hapo, na mwanga wa projekta ulipita juu yake bila kugusa kitu, vumbi tu likielea, huku kule mbele mkono ukizidi kunyooka na vidole vikitetemeka kama vya mtoto aliyechoka kungoja, na chini ya mlio wa mashine kulikuwa na pumzi, inavutwa kwa shida, inakwama, inavutwa tena. Akawasha taa na kuwatoa watoto wote nje. Kufika jioni mji mzima ulikuwa unanong'ona kwamba darasa la Mwalimu Hautala lina jini.

Lempi akaenda kwa shangazi yake Hilja, mpiga chuku, yule anayevuta damu mbaya kwa pembe, mwanamke mwenye mdomo mchafu na mikono safi. Hilja alimpandishia pembe mgongoni, akanusa hewa, akaacha.

"Huyu hatoki kwa chuku," alisema. "Ni mtoto. Anafanya nini?"

"Ananyoosha mkono, shangazi."

"Anataka nini?"

"Sijui."

"Hujui! Mtoto akinyoosha mkono darasani anataka nini? Wewe ndiye mwalimu, halafu unaniuliza mimi niliyeishia darasa la pili?" Kisha akashusha sauti. "Mwite jina, Lempi. Umwulize. Unachoogopa ni jibu."

Ni kweli, aliogopa jibu. Angelisema, Slavka angebaki na nini? Mwanamke yule alikuwa analala kwa yale maneno, hakuogopa, nilimshika mkono. Lempi alijiambia ananyamaza kwa huruma. Akavaa koti, na njia nzima ya kurudi nyumbani alijua kwamba anajidanganya.

Siku ya wazazi ikafika. Lempi aliomba filamu isionyeshwe. "Mama wee, mashine ile ndiyo fahari yetu!" Bwana Perko akacheka. "Unataka wazazi waje kutazama chaki?" Mchana ule wakajaa, wanaume wa mgodini wamebana magoti kwenye viti vya watoto. Mlango ukafunguliwa tena. Akaingia Slavka Mihelich na mkate wake kifuani.

"Najua sina mtoto hapa," alisema kwa aibu. "Nimekuja kumshukuru Mwalimu tu. Naweza kukaa pale alipokuwa anakaa?"

Nani angemkatalia? Akakaa dawati la nyuma. Bwana Perko akavuta mapazia, akazima taa, akaiwasha projekta mwenyewe.

Harufu ya mkaratusi ikaja. Slavka akainua uso. Kwenye kitambaa vidole vikachomoza, kiganja, mkono ukapanda. Wazazi wakacheka kidogo, wakageuka kutafuta mtundu ni nani, na kicheko kikawafia mdomoni mmoja baada ya mwingine, kwa kuwa hapakuwa na mkono wowote kwenye mwanga, ila kivuli kiko pale, kidole chake cha mwisho kimepinda kwenda nje, na ile pumzi ikaanza, wakaisikia wote, inavutwa, inakwama, inavutwa tena.

"Kidole kile," Slavka alisema taratibu. "Kilibanwa na mlango wa gari akiwa mdogo. Mwanangu yule." Akamgeukia Lempi gizani. "Mwalimu, mbona anataka kusema na humwiti?"

Lempi akakigeukia kivuli. "Zorka," alisema. Sauti haikutoka. Akarudia, "Zorka. Sema, mwanangu."

Pumzi ikakatika. Mkono ukabaki palepale.

"Anataka nini?" Slavka akauliza. "Wewe ulikuwa naye. Wewe unajua."

"Sikuwa naye."

Bwana Perko akasema, "Lempi, nyamaza." Lakini yalikuwa yameshafunguka.

"Sikuwa naye, Slavka. Nilikuwa chini kwenye tanuri navuta sigara. Alininyooshea mkono na mimi sipo. Niliwakataza kugusa taa, wakanitii, akafa gizani katikati ya wenzake. Nilipofika alikuwa ameshapoa midomo. Sikumshika mkono. Nilikudanganya. Nisamehe."

Slavka akaushika mkate mapajani.

"Kwa hiyo hakuna aliyemshika," alisema.

"Hakuna."

Mama akainua mkono wake mwenyewe, akauingiza kwenye mwanga. Kule mbele kivuli kikubwa kikapanda kando ya kile kidogo. Kidogo kikasogea. Vikashikana. Wazazi wote waliona, na wengine mpaka leo hawapendi kulizungumzia. Halafu mikono miwili ikashuka pamoja, harufu ikaisha, darasa likabaki na filamu yake.

Slavka akainuka. Mkono wake wa kulia ulikuwa chini, umekunja vidole, vile mtu anavyomwongoza mtoto barabarani. Alipofika kwa Lempi akasimama, akaitazama mikono ya mwalimu.

"Hii niliibusu," alisema. Akatoka.

Wazazi wakafuata, mmoja mmoja, bila kuaga. Bwana Perko wa mwisho, ameinamisha kichwa. Hakuna aliyewasha taa. Lempi alisikia filamu ikiisha, mkia ukaanza kupiga, na safari hii ulikuwa mkia wa kweli, akaona gurudumu linazunguka. Akashusha pumzi. Amekwenda, alijiambia. Mtoto amekwenda na mama yake. Hata machozi yakamtoka kwa nafuu.

Akatembea mbele kuifuata swichi ya taa, mikono inaning'inia, akapita kwenye mwanga. Kivuli chake kikaingia kwenye kitambaa cheupe. Akasimama. Akaitazama mikono yake yote miwili, iko chini, imelegea mapajani. Akatazama tena mbele.

Kivuli chake kilikuwa kimenyoosha mkono.

Akarudi nyuma hatua moja, kikarudi, mkono haukushuka. Akashika mkono wake wa kulia kwa wa kushoto, akaubana kiunoni, haukushuka. Kilikuwa kinangoja kiitwe, kwa adabu, kama alivyowafundisha. Na darasani hapakuwa na mtu wa kumwita.