Siwema Hataki Kubana Tu

Siwema ana vidole vinavyonata. Vinanata kila siku.

Nyumbani kwao wanapika sambusa za kuuza. Kaka Faki hukata vitunguu. Shangazi Tunu hukunja manda nyembamba za unga na kujaza nyama. Mama hukaanga.

Na Siwema? Hupaka uji wa unga, kisha hubana mdomo wa sambusa.
Paka, bana. Paka, bana.

Jana kubana. Leo kubana. Kesho? Kubana!

Siwema akapanda juu ya kigoda.
"Hata! Si haki! Nataka kupika sambusa yangu, mwanzo mpaka mwisho!"

"Shuka hapo," Mama akasema. "Kila mtu na kazi yake. Ndiyo maana tunawahi futari."

"Kidole gundi! Kubana ni kazi ya kitoto!" Faki akacheka, machozi ya vitunguu yakimtiririka.

Siwema akachukua manda, akaenda zake pembeni. Akakunja. Chwa! Ikachanika.
Akakunja nyingine. Pwata! Nyama yote chini.

Mezani sambusa zikarundikana. Shangazi anakunja tu. Mama, mbio mbio, akazitia kwenye mafuta.

Chwaaaa! Midomo ikaachama. Nyama ikaogelea.

"Toba! Nani hakubana?"

"Mimi," akasema Siwema. "Si mlisema kazi ya kitoto? Haya, baneni!"

Mama akapaka. Uji ukamwagika.
Shangazi akabana. Sambusa ikamganda kidoleni.

"Hodi!" Bi Mwanaisha akaita mlangoni, bakuli mkononi. "Jua linazama! Sambusa zangu ziko wapi?"

Mama akafuta jasho.
"Siwema, mwanangu. Njoo utubanie."

"Na kukunja, mtanifundisha?"

"Tutakufundisha."

"Lini?"

"Leo hii! Bana kwanza!"

Paka, bana. Paka, bana. Bakuli la Bi Mwanaisha likajaa.

Ikabaki manda moja. Shangazi akamshika Siwema mkono. "Kunja hivi. Rudisha hivi. Sasa jaza."

Siwema akakunja. Akajaza. Akapaka, akabana.

Mama akaitia kwenye mafuta. Chwaaaa!
Haikufunguka. Pembe moja tu ilipinda.

Siwema akaila yote, peke yake.

"Kesho tunabadilishana," Mama akasema. "Kila mtu ajue kazi ya mwenzake. Siwema atakunja. Faki atabana."

"Mimi? Hata! Si haki!"

"Kidole gundi!" akasema Siwema.

Usiku, Mama akamfunika shuka. Siwema alikuwa amelala fofofo.
Vidole vyake tu ndivyo vilivyokuwa macho.

Kunja, kunja. Kunja, kunja.