Pombe ya Kuagana

Pombe ilipungua, na hakuna aliyeinywa.

Kila jioni, pale Mishamo, makazi ya wakimbizi wa Burundi nchini Tanzania, Athanasie alijaza kibuyu pombe ya mtama, akachomeka mrija, akakiweka mbele ya kiti kitupu. Alikuwa binti wa chifu. Enzi za Wabelgiji alivikwa shela misheni, akaolewa na Révérien, kiongozi wa chama huko Burundi, ambaye baadaye alichukuliwa na wanajeshi mchana kweupe pamoja na watu wake, asirudi. Kwa miaka mingi kibuyu kililala kimejaa. Mwaka 1994, tangu Emelyne, mke wa mwanawe Sixte, ajifungue, kilianza kukauka. Na kadiri kilivyokauka, ndivyo maziwa ya Emelyne yalivyokauka, na mtoto akanyauka.

Wakamwita Lyamba, mganga wa kabila la Wabende kutoka kijiji cha Kasekese. Alinusa mrija, akatema mate.

"Nyie Warundi! Hata maiti mnaikaribisha?"

"Ni mume wangu," Athanasie alisema.

"Basi mgeni hafukuzwi. Kwenu mgeni anaondokaje?"

Emelyne alijibu kwa kunong'ona: "Anapewa pombe ya kuagana. Asipopewa, bado yupo."

"Mpe, bibi," Lyamba alimwambia Athanasie.

"Walimchukua sijamuaga. Nikimuaga leo, nimemzika."

"Mama." Emelyne akamwekea mtoto mapajani. "Na huyu je? Tumzike yeye?"

Bibi alimtazama mtoto, mwepesi kama ganda la karanga. Akamimina pombe kibuyuni, akachomeka mrija.

"Baba Sixte, kunywa. Uende salama."

Mrija ulifyonza wenyewe, polepole, kwa sauti, mpaka chini. Kiti kikalia, na harufu ya udongo mbichi ikapita katikati yao, ikatoka mlangoni. Emelyne akamchukua mtoto. Mtoto akashika ziwa, akanyonya.

Emelyne akacheka huku analia.

Ndipo hodi ikasikika uani. Sauti ya kiume, ya upole. Kisha nyingine upande wa mahindi, na nyingine nyuma ya jiko, na nyingine, na nyingine, hodi, hodi, kama watu waliotembea kutoka mbali sana na sasa wanangoja zamu yao kwa adabu.

"Ni watu wake," Athanasie alinong'ona. "Waliouawa naye."

"Msiitikie! Mkisema karibu, wataingia wote!" Lyamba alisema.

Lakini mke wa kiongozi hakuwahi kumwacha mtu wa mumewe amesimama nje. Emelyne alimziba mdomo kwa kiganja, mtoto bado kifuani, na chini ya kiganja kile akahisi midomo ya bibi ikifunguka, taratibu, kwa heshima yote aliyolelewa nayo.